Sanamu za Mwalimu Hazikuwa na Nyuso

Mwalimu wa Sanaa hakupenda kuitwa msanii. Alisema jina hilo ni la wapiga gitaa, na yeye sauti hana. Watu wa Namakwekwe, mtaa wa mji wa Mbale, walimwita Mwalimu tu, miaka na miaka baada ya kuacha kufundisha, na mgeni akiuliza ni mwalimu yupi, alionyeshwa mlango ulioegemezwa mabati makuukuu, matairi yaliyopasuka na vipande vya magome ya mti. Ndani, watu wake walikuwa wamesimama. Aliwaita hivyo, watu wangu. Wengine walikuwa wa udongo, wengine wa bati, wengine wa matambara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho, pua wala mdomo. Kichwa kilikuwepo, lakini mbele yake palikuwa laini tu.

Alizaliwa wapi na kina nani, sijui, na wala hakupenda kuulizwa. Ninachokijua ni kwamba nilitaka kitu kimoja kutoka kwake, nikakitaka tangu usichana wangu mpaka nikawa na watoto wa kuwapeleka shule. Nilitaka anitengenezee uso wa baba yangu. Yeye peke yake ndiye aliyeweza. Kabla ya vita alikuwa jirani yetu Jinja, jioni alikunywa chai na baba barazani, na mkono wake uliweza kuchora chochote alichokiona. Kila nilipomwomba, alinikatalia.

Picha hatukuwa nazo. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan, na baba naye alikuwa askari. Tena alilipenda gwanda lake kupita kiasi. Harusi, Idi, mtoto kuzaliwa, kila alipopigwa picha alikuwa amelivaa. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka na vita kufika Jinja, yeye alikuwa ameshaondoka na wenzake kuelekea kaskazini, na habari zake zikaishia hapo. Nyumba za watu kama sisi zilianza kupekuliwa, na picha moja ya gwanda ilitosha kukuletea balaa. Mama akazichoma zote kwenye sigiri. Akabandika sufuria ya uji juu yake, ili mtu akiuona moshi ajue kuna mama anapikia watoto. Uji ule tuliunywa. Mimi nilikuwa mdogo sana, ladha ya uji naikumbuka, uso wa baba siukumbuki.

Tulihamia Mbale, mtaa wa Namatala, ambako watu wamebanana kiasi kwamba hakuna mwenye nafasi ya kuuliza umetoka wapi. Haukupita muda mrefu Mwalimu naye akatokea mjini, amepanga chumba Namakwekwe. Shule yake ya Jinja ilikuwa imefungwa, madawati yamekuwa kuni. Mama alipomwona sokoni alishika kifua. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali za watu wote, ila mmoja.

Ukifika kwake asubuhi ulimkuta ameketi mlangoni akiangalia mlima. Ukungu hushuka kutoka mlima huo wa Wanale ukafunika mabati ya mji, halafu huondoka taratibu, na nyumba zinatokea moja moja. Yeye aliungoja uondoke wote ndipo aguse kazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kila siku, na kwa shati hilo alifinyanga udongo kutwa nzima bila kupata hata doa. Fundi viatu wa jirani aliapa kwamba Mwalimu hafanyi kazi, sanamu hujifanya zenyewe yeye akiwa amesinzia. Na kweli alisinzia sana. Katikati ya maneno alifumba macho, ukadhani amelala, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Alikuwa na kitabu kimoja, kikubwa, kimeng'oka jalada, alichotoka nacho Jinja amekifunga ndani ya karatasi ya nailoni. Kilikuwa na picha za kazi za Ulaya, zote za rangi ya majivu. Mimi niliamini kwa muda mrefu kwamba Ulaya haina rangi. Jioni jioni alikifungua, na aliyetaka alikaribia: wapagazi wa Namatala, wanawake wa mkaa, watoto, mimi. Hakutaja majina ya wachoraji. Alisimulia juu yao kama watu wa kijiji cha jirani waliofanya vituko.

"Zamani mtu alichorwa mzima," alisema. "Mchoraji anamweka kwa kiti, anamaliza mpaka kifungo ya mwisho. Halafu wakaja wengine, wakasema, hapana, mimi sioni mtu hivyo. Leo naona sikio yake, kesho naona mgongo. Wakamvunja vipande, wakaweka vipande zote pamoja kwa ukuta moja."

"Banange! Na mwenyewe alikubali?" aliuliza mwanamke wa mkaa.

"Alikasirika. Lakini alikuwa yeye kabisa."

Kisha alifunua ukurasa wa vijana waliopenda mashine. Hao walichoka na uzuri wa zamani, wakataka mtu awe na injini, akimbie, apige kelele. Walikuwa wakiimba kwamba vita ni kitu kizuri, kinasafisha. "Waliomba vita," alisema Mwalimu, "wakapewa." Wengi hawakurudi. Waliorudi, na wengine waliokuwa wameukimbia wazimu ule, wakaanza kuokota tiketi chafu barabarani, kamba, vipande vya magazeti, wakavibandika. Walisema dunia yenyewe imeraruka, mbona tuidanganye kwa rangi za mafuta. Na mwisho wa kitabu, baada ya vita vya pili, walikuwepo watu wa shaba nyembamba, wamekonda mpaka hawana kivuli cha kutosha.

"Sasa Mwalimu, hawa walikuwa wagonjwa?" aliuliza mpagazi mmoja.

"Hapana, ssebo. Walikuwa wametoka kwa vita."

Yule mpagazi akaiangalia tena ile picha, akaiangalia sana. Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tumetoka huko huko.

Imani yake ilikuwa moja: kila kitu cha duniani kina tabia yake, na mwenye kukilazimisha kuwa kingine ni mwongo. Bati libaki bati. Udongo ubaki na alama za vidole, kwa sababu ndivyo udongo unavyokumbuka. Alichukia sanamu za kuuzia wageni, zile za mbao zilizopakwa rangi ya viatu zing'ae. Akipita karibu nazo alifanya kama amepita karibu na choo. Lakini nyumbani kwake meza ilikuwa ya mbao hafifu iliyobandikwa karatasi ya kuiga mninga, na nilipomwonyesha hilo alinijibu kwamba meza si mtu.

Kazi yake niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya gome la mti, lile liitwalo lubugo. Wasoga na Waganda hulipondaponda mpaka likawa kitambaa, nalo ndilo linalofungiwa maiti. Mwalimu alilichovya katika uji mzito wa muhogo, akauvika mgomba gome hilo, akaliacha likauke. Likishakauka akauchomoa mgomba. Lilibaki gome limesimama lenyewe, lina mabega, lina mgongo uliopinda kidogo, na ndani hamna kitu. Jua la saa nne likipenya dirishani lilipita katika gome lile, chumba kizima kikawa chekundu chekundu, na ungesema mtu ametoka humo sasa hivi, amekwenda kuchota maji, atarudi.

Mama mmoja wa Kisoga, mpangaji wa chumba cha tatu, hakupendezwa hata kidogo. "Mwalimu, hiyo ni sanda! Unasimamisha sanda katika nyumba ya watu!"

"Nyabo, wewe umeona watu wangapi walizikwa bila hii?" alimwuliza polepole. "Hii ni yao."

 Kesho yake yule mama alileta muhogo wa kupikia uji.

Watu wa Mbale wenyewe, Wagisu, alisema wao ndio wasanii wa kisasa kuliko wote aliowahi kuwaona, na kitabu chake kingewachukua kama kingekuwa na ukurasa wazi. Kila mwaka wa tohara, vijana wanapopakwa unga wa kimea na matope ya bwawani, wakapita mbio mitaani wakicheza, Mwalimu alifunga mlango akawafuata. Alirudi jioni shati likiwa jeupe vile vile, macho yamelowa. "Umeona?" alinishika mkono. "Wazungu walitafuta miaka mingi, nini inafanya mtu kuwa mtu. Hawa wanajua. Wanamrudisha kwanza kwa matope."

Mimi nilikuwa nauza nguo za mitumba, na wateja wangu walimjua, kwa sababu alikuja kila robota lilipofunguliwa. Hakununua. Alishika mikono ya makoti, akapitisha vidole ndani ya kola. "Huyu alikuwa anaegemea kiwiko," aliniambia. "Huyu alinenepa halafu akakonda." Aliweza kukaa na koti moja mpaka adhuhuri. Nilimtania kwamba anachunguza Wazungu waliokufa kuliko anavyotazama Waafrika walio hai, naye alicheka, mwili mzima ukatikisika. Matambara niliyoshindwa kuyauza nilimpa, akayashona yakawa watu wake.

Baada ya nchi kutulia kidogo, alikuja mgeni kutoka ng'ambo na mfuko wa maganda ya risasi. Alikuwa amesikia kuna mzee Mbale anayetengeneza watu kwa vitu vilivyotupwa. Alitaka amtengenezee sanamu ya amani. Nilidhani Mwalimu atafurahi, si ndiye aliyetufundisha kwamba hakuna kitu kisichofaa? Aliuchukua mfuko, akautikisa mara moja, akausikiliza, akamrudishia.

"Hii bado inasema," alisema. "Mimi siwezi kusema juu ya sauti yake."

Mgeni alimsihi sana. Mwalimu alifumba macho, na safari hii nadhani alisinzia kwa makusudi.

Basi ndani ya hayo yote mimi nilikuwa na ombi langu. Mama ndiye aliyekuwa akinichochea. Kila mfungo ulipokaribia kwisha aliniambia, "Nenda muulize tena Mwalimu. Labda Mungu atalegeza roho yake." Mwenyewe hakwenda. Alisema yeye hana haja, yeye anamkumbuka mumewe vizuri, anataka mimi na ndugu zangu ndio tumwone. Nikimwuliza, alikuwaje? alijibu, "Alikuwa mzuri," akainuka kutazama maharage.

Mwalimu alikuwa na majibu mengi. Wakati mmoja aliniambia uso ni sehemu ya mtu inayosema uongo, mgongo ndio hausemi. Wakati mwingine alinifungulia kitabu, akanionyesha jinsi wakubwa wa kazi hii walivyoufuta uso, wakauvunja, wakaugeuza yai, akaniuliza mimi ni nani wa kuwarudisha nyuma. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilikwenda nikalia mbele yake. Nilimwambia sitaki kazi ya kitabuni, nataka mwanangu ajue babu yake ana pua gani. Alinitazama kwa huruma mpaka nikaona aibu, kisha akanipa machungwa.

Shehe wa mtaa wetu naye aliwahi kwenda kumkagua, baada ya watu kunong'ona kwamba kuna Mwislamu anafuga masanamu. Alizunguka chumba, akaona vichwa vyote ni laini. "Alhamdulillahi," alisema, "Mwalimu umemwogopa Mola wako." Walikunywa chai wakaagana vizuri. Shehe alipokwisha kutoka, Mwalimu aliniambia, "Mungu namwogopa. Lakini si kwa hii."

"Ni kwa nini, basi?"

Alianza kukunja matambara.

Uzee ulimrudisha Jinja. Miguu ilikuwa imevimba, na mpwa wake, mwanamke mwenye nyumba huko, mtaa wa Kimaka, alikuja na gari la kukodi akamchukua yeye na kitabu chake. Watu wake aliwagawa mtaani. Fundi viatu alichukua wawili, na mpaka leo mmoja anatundikiwa mikanda. Zilipita mvua kadhaa bila kumwona. Kisha asubuhi moja mama, ambaye siku hizo alikuwa hatoki hata kwenda sokoni, alivaa gauni lake la Idi akaketi kitandani.

"Twende Jinja," alisema. "Safari hii nitamwomba mimi."

Tulimkuta uani, mchana, amekalia mkeka chini ya nguo zilizoanikwa. Alikuwa amepungua, lakini shati lilikuwa jeupe. Upepo ulitoka mtoni ukazijaza zile nguo hewa, zikawa zinavimba na kulegea juu ya vichwa vyetu. Mpwa wake alileta chai. Mama hakuigusa.

"Mwalimu," alisema mama, "mimi sijakuomba kitu tangu tujuane. Sasa nakuomba. Nifanyie uso ya bwana yangu kabla sijakufa."

Alifumba macho. Nikajua tumeukosa tena. Lakini alisema, hali amefumba vile vile, "Mama Zaina, uso yake nilichora. Mara moja."

Akatueleza. Siku zile za upekuzi, baada ya baba kuondoka, watu wenye bunduki walimfuata chumbani kwake. Hakusema ni wa jeshi gani, na sisi hatukuuliza, maana siku hizo walikuwa wengi. Mtu alikuwa amewaambia kwamba yule mwalimu alikuwa anakunywa chai na afande wanayemtafuta, na anajua kuchora. Wakamwekea karatasi na penseli. Walitaka uso wa kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani.

"Nikafikiri, nikikataa, wananiua. Nikichora, wanamshika. Kwa hiyo nilichora mtu mwingine. Lakini nyinyi mnajua mimi, siwezi kuchora ovyo, na wale wangejua. Nilitoa pua kwa kichwa yangu, nikatoa macho. Nikamwekea kovu hapa kwa kidevu, ili akae kama mtu kweli. Alikuwa mzuri, yule mtu. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote." Alifumbua macho. "Wakaenda. Baada ya siku kidogo wakarudi. Nikasema, basi, wamejua. Wakanishika mkono. Wakasema, asante Mwalimu, tumempata."

Nguo zilivimba, zikalegea.

"Nilichora mtu ambaye hayuko," alisema. "Na wao wakampata."

Tangu siku hiyo, akaendelea, kila akianza uso wowote, ni huyo anayekuja na kovu lake. Amemtafuta baba kichwani mwake miaka yote, usiku na mchana, na kila akimkaribia, yule mwingine anageuka kumtazama. "Bwana yako nimempoteza, Mama Zaina. Yale maneno yote ya kitabu ilikuwa kweli. Lakini si ndiyo sababu."

Nilikasirika. Lazima niseme, nilikasirika sana, kwa miaka yote niliyohubiriwa migongo na mayai, na kwa yale machungwa. Halafu nikamtazama, nikamfikiria akiwa peke yake na yule mtu wa kovu katika chumba kile cha Namakwekwe, na hasira ikaniishia nikabaki na huzuni tu. Nikageuka nimshike mama. Alikuwa anamtazama Mwalimu kama aliyesikia jina lake likiitwa.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe pia nini, mama?" nikauliza.

"Mimi pia nimempoteza. Zamani. Hata sijui lini." Hakulia. Alikuwa akimwambia Mwalimu, si mimi. "Nilifikiri wewe uko naye. Ndiyo maana nilikuwa natuma huyu mtoto kila mwaka."

 Wao wawili walitazamana, na nadhani katika uzee wao wote hakuna aliyewahi kumfahamu mwenzake vile. Kisha Mwalimu akamwita mpwa wake alete udongo uliokuwa nyuma ya jiko, chini ya gunia bichi. Akaupokea mapajani, juu ya kipande cha ubao.

"Paji ilikuwa pana," alisema mama.

"Si pana sana."

"Pana, Mwalimu! Kofia ilikuwa inamwacha alama."

"Kale, haya. Pana." Vidole vilianza kusogea. "Na masikio, nakumbuka hii moja ilikaa nje. Alikuwa anaishika wakati anashindwa kwa karata."

"Ee! Hiyo ni kweli! Alikuwa anaishika!" Mama alicheka, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke mdogo nisiyemjua.

Waligombana juu ya pua. Waligombana juu ya mdomo, wakaupa tabasamu, wakauondolea, wakaurudishia nusu. Mimi nilisogea karibu nikawa natazama uso ukitoka kwenye udongo, mara unakuwa mtu, mara unapotea, na sikujua nimtakie nini. Walipofika kwenye kidevu mkono wa Mwalimu ulisimama. Ukucha wake ulikuwa umeshagusa, umeanza kuchora mstari mfupi, na yeye mwenyewe anautazama mkono kama si wake. 

Mama akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba pale pale, akalainisha. Alilainisha polepole mpaka hapakuwa na alama.

Nguo zilikuwa zimekauka na mpwa wake alizianua moja moja, mpaka tukabaki na jua kichwani. Mwalimu alifuta mikono. Alikigeuza kile kichwa kimtazame mama. Ulikuwa uso wa mwanamume wa makamo, mpole, sikio moja limetokeza nje.

"Ni yeye?" niliuliza.

Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Si yeye," alisema. "Lakini usimwache hapo kwa jua."